Ghaidan aliipima Lamu. Nani ataipima Newala?

Kuna vitabu ambavyo mtu huvisoma kwa kidole. Kitabu cha Usam Ghaidan, Lamu: A Study of the Swahili Town, kilichotolewa na East African Literature Bureau mwaka 1975, ni kimojawapo. Unaweka kidole barabarani, unakipandisha kwenye daka ambako mgeni hukaa akisubiri, unapita tekani, unatokea kiwandani penye jua. Kutoka kiwandani unapanda kidogo kuingia msana wa tini, unapanda tena msana wa yuu, halafu ndani, na nyuma kabisa nyumba ya kati. Mhusika hakuna, mazungumzo hakuna, ila ukifika mwisho wa ukurasa umeshajua nani aliruhusiwa kuishia wapi.

Ghaidan alikuwa msanifu majengo mwenye asili ya Iraki aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Alichofanya Lamu ni kazi ambayo fundi yeyote anaweza kuieleza kwa sentensi moja: alichukua tepu, akapima nyumba za watu, akazichora kwa skeli. Lakini kwenye rafu yangu michoro ile nimeiweka pamoja na riwaya, na sababu ya kuiweka huko ndiyo inayonifanya niandike. Naona tumeisoma vibaya. Tumeisoma kama habari za mawe, na kwa kuisoma hivyo tumejiaminisha kwamba nyumba inayostahili kupimwa ni ya mawe. Sisi wa huku kusini, Masasi na Newala, tukaachwa nje, na ubaya wake ni kwamba hata wenyewe tulikubali.

Tuanze na kile ambacho Ghaidan anakifanya vizuri, maana ni kingi. Anakuonyesha kwa nini vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba: dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa bila kupinda, kwa hiyo chumba hakizidi karibu mita tatu upana. Ukishalijua hilo unaona kwamba mti wa mkandaa kwenye tope la bahari ndio ulioamua kitanda cha bibi harusi kikae upande gani. Hiyo ni hadithi nzima, na imesemwa kwa mstari mmoja wenye namba pembeni. Waandishi wetu wa riwaya wanaojaza kurasa tatu kueleza sebule wangejifunza kitu hapo.

Jambo la pili ni maneno. Ramani nyingi za nyumba zinazochorwa leo, za Masaki hadi Masasi, zimeandikwa masta, siting, dainingi, stoo. Ukizisoma hujui kama nyumba iko Newala au Nairobi. Ramani ya nyumba ya Lamu ikiandikwa ndani, msana, kiwanda, sabule, inakataa kutafsiriwa. "Ndani" si chumba cha kulala, ingawa watu walilala humo. Wala nyumba ya kati si stoo. James de Vere Allen, katika makala yake ya mwaka 1979 kuhusu nyumba ya Waswahili, alilivuta jambo hilo mbele zaidi: kwake yeye mpangilio wa vyumba ni mpangilio wa heshima, usafi, kuzaliwa na kufa, na nyumba ya kati ndiyo iliyobeba mambo mazito kama kuosha maiti. Unaweza kubishana na Allen (nami nadhani wakati mwingine anaiona nyumba moja ya tajiri kisha anasema "Waswahili"), lakini huwezi kusema kwamba yale majina hayafanyi kazi. Yafute majina, ubaki na mistari, utakuwa na picha ya maboksi.

Sasa upande ambao michoro ile inanyamaza. Mwaka 1982 Linda Donley alichapisha utafiti wake juu ya nyumba hizo hizo za mawe, akauliza swali ambalo penseli haikuuliza: nani alizijenga, nani alizisafisha, nani alilala sakafu ya chini? Jibu ni watumwa. Nyumba ya mawe ilikuwa uthibitisho wa uungwana, na uungwana ulihitaji mtu wa kuukosa. Ukirudi kwenye ramani baada ya kumsoma Donley, sakafu ya chini haionekani tena kama ghala.

Hapa ndipo Masasi inapoingia, na si kwa mlango wa nyuma. Biashara ya watumwa iliyopitia Kilwa katika karne ya 19 ilichota watu kutoka bonde la Ruvuma hadi Ziwa Nyasa: Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wangindo na wengine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA alitoka Lindi na kundi la watu walioachwa huru kule Unguja, nia ikiwa kwenda mbali zaidi kuelekea Nyasa, wakaishia Masasi na kuanzisha kijiji. Steere huyo ndiye aliyekusanya na kuchapisha ngano za Kiswahili mwaka 1870, na ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Alikuwa mtu wa maneno. Alitafuta neno la Kiswahili kwa kila kitu, hadi vifaa vya jikoni. Kwa hiyo nyumba za kwanza za Masasi ya misheni zilijengwa na watu waliokwishaona, na wengine bila shaka kuhudumia, nyumba za mawe za pwani. Walijenga nini walipoachiwa kuamua wenyewe? Waliweka baraza mbele? Walitenga ndani na nje? Huo ungekuwa mchoro mmoja wa maana kuliko majumba kumi ya wafanyabiashara. Na nyumba zile hazikudumu: mwaka 1882 Wangoni, wale ambao vitabu vya misheni vinawaita Magwangwara, waliivamia Masasi, na kazi ya misheni ikahamia Newala kwa Matola. Mwaka 1905 vita ya Maji Maji ikaichoma tena misheni ya Masasi.

Mwaka mmoja baada ya moto huo akaja Karl Weule.

Weule alikuwa mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig. Mwaka 1906 alitaka kwenda upande wa kaskazini, huko kukawa na vurugu, akaletwa kusini: Lindi, Masasi, Chingulungulu, Newala, Mahuta. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka 1909, kwa mkono wa Alice Werner. Kwa mtu anayetafuta nyumba ya zamani ya uwanda wa Makonde, hiki ndicho kitabu anachoanzia, atake asitake. Kina picha za miji ya watu na za ua. Kina maelezo ya milango na namna ya kuifunga ambayo yanaonyesha Weule alipiga magoti na kuchungulia. Analalamika kuhusu upepo wa Newala, na yeyote aliyelala pale mwezi wa saba atamsamehe kwa hilo. Lakini ni kitabu kinachochosha, nasema wazi. Anawatazama watu kama anavyozitazama shoka na vyungu vyao: vitu vya kubeba kwenda Leipzig. Mlango anauona, mwenye mlango hamwoni.

Jambo moja tu katika kitabu hicho linanifanya nirudi. Weule aliwapa watu penseli na karatasi akawaambia wachore. Na walichora, wapagazi na wenyeji, na michoro hiyo imo kitabuni. Kiongozi wa wapagazi wake, aliyeitwa Pesa Mbili, alichora. Mwingine, Sabatele, alichora ramani ya njia kuu ya misafara, yaani mtu aliyeitembea barabara kwa miguu akaipanga upya kwa mkono, vituo na njia panda zake. Weule aliitazama michoro hiyo kwa jicho la zama zake, akiuliza sanaa ya binadamu ilianzaje. Mimi naiona kama jibu kwa wale wanaosema kwamba kuchora kwa mpangilio ni jambo la kuletwa. Sabatele hakuwa na skeli. Alikuwa na mpangilio wa mambo kwa uzito wake: kilicho muhimu kikubwa, kisicho muhimu hakipo. Laiti Weule angemwambia mmoja wao, hebu nichoree nyumba ya mama yako.

Ng'ambo ya Ruvuma mambo yalikwenda vingine. Jorge Dias na Margot Dias walifanya utafiti kwa Wamakonde wa Msumbiji kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na juzuu yao ya mwaka 1964 juu ya utamaduni wa vitu inashughulika na nyumba na ujenzi kwa uangalifu ambao upande wetu haukuupata. Ni kazi ya dola ya kikoloni katika siku zake za mwisho, na ilifanyika wakati Mueda ikichemka, kwa hiyo isomwe jicho likiwa wazi. Lakini ipo. Mjukuu wa Mueda akitaka kujua paa la babu lilishikana vipi, ana pa kuanzia. Mjukuu wa Newala ana picha za Weule na kumbukumbu ya shangazi.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu la haraka ni kwamba mawe hukaa na udongo hauendi mbali. Sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inasema karibu hivyo hivyo: jengo linahesabiwa moja kwa moja kuwa la kale likiwa limejengwa kabla ya mwaka 1863, na lingine lolote linasubiri waziri alitangaze. Kwa kipimo hicho Kilwa inaingia bila kubisha hodi. Nyumba ya fito na udongo ya Newala haitaingia hata tukisubiri miaka mia tatu, kwa sababu kila kizazi kinaijenga upya.

Ila hoja ya kwamba mawe hukaa imenichosha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ilianguka pale Forodhani, mbele ya macho ya watu. Jengo lililokuwa fahari ya Unguja tangu karne ya 19, ndani ya Mji Mkongwe ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Linajengwa upya, na wanaolijenga wanahitaji michoro na picha ili wajue nguzo ilisimama wapi. Kwa maana hiyo mawe na udongo viko sawa: vyote vinaanguka, na kinachobaki ni karatasi. Tofauti ni kwamba mmoja alichorewa karatasi na mwingine hakuchorewa.

Sababu ya kweli, naona, iko ndani ya mchoro wenyewe. Mchoro wa vipimo unataka nyumba ikae kimya. Unachukulia kwamba ukuta uliopo leo ulikuwepo jana, kwamba chumba kina kazi moja, kwamba nyumba inaishia pale ukuta unapoishia. Wamarekani walipoanza kupima majengo yao ya kale kwa mpango wa serikali mwaka 1933, wazo la Charles Peterson la kuwapa kazi wasanifu waliokosa ajira wakati wa mdororo wa uchumi, waliweka kanuni nzuri: chora kilichopo, si unachodhani kilipaswa kuwepo. Kanuni hiyo inaisaidia sana nyumba ya mawe. Nyumba ya uwanda wa Makonde inaisaidia nusu, kwa sababu nusu ya nyumba hiyo ni kile ambacho hakipo tena.

Nieleze kwa mfano. Mwaka juzi nilikuwa Makote, pale Newala, na binamu yangu aliyesomea ufundi ujenzi, tukipima nyumba ya bibi mmoja wa upande wa mama. Nyumba ya kawaida kabisa: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, jiko nje uani. Kuta za miti na fito za mianzi zilizokandikwa udongo, mbele pamepigwa lipu ya saruji, juu bati. Tulipotoa tepu, bibi alisimama mlangoni.

"Wajukuu, mnapima mje mbomoe au mje mlipe?"

Swali la haki. Huku kwetu mtu akija na tepu, ama barabara inapita, ama kuna X nyekundu inakuja ukutani, ama kuna fidia ambayo itabishaniwa hadi mtu afe. Hakuna aliyewahi kuja na tepu kwa kuipenda nyumba. Binamu akamwambia, "Hapana bibi, tunaiandika tu."

Bibi akafikiri. "Kuandika nyumba. Haya. Basi andikeni na ule mkorosho, aliupanda babu yenu mwaka tuliohamishwa. Na jiko la kwanza lilikuwa pale, si hapa. Na pale ndipo alipolazwa mama yangu."

Kwa maneno hayo akawa ametupa ramani ambayo tepu isingetupa. Mwaka waliohamishwa ni ule wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, watu walipotolewa kwenye makazi yao ya ukoo na kupangwa kwa mistari. Kwa hiyo nyumba ile kama kuta ina miaka hamsini hivi, na kama nyumba, ing'ande kwa Kimakonde, ni ya zamani kuliko hapo: kile kilichohamishwa kilikuwa ni watu, majina, mpangilio wa nani anakaa karibu na nani. Ukizingatia kwamba kwa jadi ukoo huku unafuata upande wa mama, swali la "nyumba hii ni ya nani" lina jibu tofauti na lile la hati. Wajomba wana neno. Mume anaweza kuwa amejenga kila nguzo na bado nyumba si yake kwa maana ile nzito. Lamu pia, jambo ambalo wengi hawalijui, nyumba mara nyingi ilikwenda kwa binti, aolewe akiwa ndani yake. Angalau hapo daka la Lamu na kibaraza cha Newala vinapeana salamu.

Basi tulipima hivi. Kwanza tukachora kwa mkono, bila kipimo, tukizunguka nyumba mara mbili. Kisha tukaweka vipimo mfululizo kutoka kona moja, ukuta kwa ukuta, mlango ukiandikwa unapoanza na unapoishia. Kisha ulalo wa kila chumba, kona hadi kona, kwa sababu ukuta wa fito hauna kona ya mraba na ukiuamini utadanganyika. Chumba kimoja tulidhani ni mraba, milalo miwili ikatofautiana kwa sentimita 14. Kisha uzi na timazi kwa ukuta wa nyuma ulioegemea nje. Binamu alitaka kuunyoosha ukuta ule kwenye karatasi. Nikakataa, tukagombana kidogo kwa adabu, ukabaki umeegemea. Mahali udongo ulipobanduka tuliona tabaka: la kijivu, la wekundu, la kijivu tena, kila moja kazi ya mkono wa mtu. Tukazichora kwa ukubwa wake halisi pembeni ya karatasi.

Udongo huo una hadithi ambayo ingempendeza Ghaidan na boriti zake. Uwanda wa Makonde hauna mito juu. Maji yalikuwa chini, kwenye chemchemi za mabondeni, na watu walishuka na kupanda mteremko na mitungi. Weule aliliona hilo na kuliandika, na mradi mkubwa wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950 tu. Kukandika ukuta kunataka maji mengi. Kwa hiyo kila ukuta wa udongo wa zamani kule juu ama ulisubiri mvua, ama ulipandishwa mlimani kichwani mwa mwanamke, ndoo kwa ndoo. Ungechora hilo vipi? Sisi tuliandika kwenye mchoro wa mkato, ukutani: "maji ya ukuta huu yalitoka bondeni, waliochota ni," kisha majina ambayo bibi alituhesabia. Ukimwonyesha mhandisi atacheka, lakini kwangu mimi hilo ndilo andiko bora kwenye karatasi nzima.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaotaka michoro hii ifuate kanuni za kimataifa hadi nukta. Zifuateni, ndiyo: skeli, kaskazini, tarehe, jina la aliyepima. Bila hivyo ni picha ya kumbukumbu tu, na kumbukumbu bila namba inanenepa kila mwaka. Lakini majina ya vyumba yawe yale wanayoyatumia wenye nyumba, kwa Kimakonde, Kiyao au Kimakua, na kama chumba kinaitwa "kwa bibi" basi kiandikwe "kwa bibi" hata kama bibi kafariki mwaka 1988. Jiko la kwanza lichorwe kwa mistari ya vidoti. Mkorosho uingie. Kaburi liingie, likiwa karibu na familia imekubali. Makumbusho ya Kijiji pale Dar es Salaam yalijenga nyumba za makabila mbalimbali, na ni mahali pazuri pa kumpeleka mtoto, lakini nyumba zile haziwezi kukwambia nani aligombana na nani kuhusu mlango wa nyuma. Ni nyumba za kabila, na kabila halilali ndani ya nyumba. Analala shangazi.

Mtu ataniuliza, sasa riwaya ni ya nini kama mchoro utabeba yote hayo? Namrudisha kwa Abdulrazak Gurnah. By the Sea, ya mwaka 2001, ni riwaya ya nyumba. Hati ya nyumba ya Rajab Shaaban Mahmud inakwenda kwa mfanyabiashara Hussein wa Bahrain kama dhamana, kisha inamfikia Saleh Omar, na familia inatolewa nje pamoja na aibu yake. Miaka mingi baadaye, Uingereza, wazee na watoto wa mgogoro ule wanakaa wakisimuliana nani alimwibia nani. Nyumba ile haina hata mchoro mmoja kitabuni na huhitaji. Gurnah anajua kitu ambacho tepu haikijui: kwamba nyumba hiyo hiyo ina vipimo viwili kwa watu wawili, aliyeipata na aliyeipoteza. Ila angalia pia kinachotokea. Watu wale wawili wanabishana juu ya kila kitu isipokuwa kwamba nyumba ilikuwepo. Vitu vyake, meza ile ya mpingo, vinabeba ugomvi kwa sababu vinashikika. Riwaya inahitaji ukuta wa kuegemea. Sisi wa kusini tunaandika hadithi za vijijini ambamo kila nyumba ni "kibanda cha nyasi", maneno matatu na tumemaliza, halafu tunashangaa wahusika wetu wanaelea. Fundi alikuwa na maneno kumi kwa paa lile, kutoka mwamba na kombamoyo hadi fito na kamba. Mwandishi ana moja.

Na muda haupo. Korosho ndiyo inayobomoa nyumba hizi, na siandiki kwa kulalamika. Bei ilipopanda miaka ya 2016 na 2017, na hata msimu wa 2018 serikali ilipoamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuleta jeshi kubeba, watu wa Newala, Masasi na Tandahimba walifanya kile ambacho mtu mwenye akili hufanya: walinunua bati na tofali. Bati halivuji na halihitaji nyasi mpya kila baada ya misimu michache. Sitamwambia mtu alale chini ya paa linalovuja ili mimi nipate urithi. Bibi yetu wa Makote mwenyewe anasubiri mwanawe amalizie nyumba ya tofali iliyosimama usawa wa madirisha, hatua tano kutoka ile ya zamani, na ana haki ya kuihamia kesho. Ndiyo maana sizungumzii kuhifadhi. Nazungumzia siku mbili, tepu ya mita 30, uzi, timazi, karatasi ya grafu na mtu mmoja wa kushika upande wa pili.

Tulitoa nakala tatu. Moja iko kwa binamu, ameiskani. Moja ninayo mimi. Ya tatu tulimpa bibi, akaitazama kichwa chini kwa muda, akaigeuza, akaweka kidole kwenye kibaraza, akakisogeza taratibu hadi ukumbini, kisha akasimama kwenye ule mstari wa vidoti uani. "Hapa," akasema, "mmeliweka mbali mno. Lilikuwa karibu na mlango." Binamu akachukua penseli.